UZI: Red Rum, 1-1-2-2-1. Farasi mkongwe husomwa kwa uzito kwanza, nafasi baadaye

Hatamu Legevu (mwanzisha uzi)

Wakuu, ule uzi wa farasi Tiger Roll ulikuwa umeshajaa mabishano ya Red Rum, nikaona nimfungulie wake. Hoja yangu ni moja: watu wanamtaja kama farasi wa miujiza, eti alishinda Grand National, mbio kubwa za kuruka viunzi za Uingereza, mara 3 kwa sababu alikuwa "na moyo". Moyo alikuwa nao. Lakini ukitaka kuelewa kilichotokea Aintree, uwanja wa mbio hizo, kati ya 1973 na 1977, chukua safu ya uzito aliobeba, uiweke kando ya safu ya nafasi aliyomaliza.

Nitasema ratili kwa uzito, ili paundi ibaki kuwa pesa. Stoni 1 ni ratili 14, yaani kilo 6.35.

1973: stoni 10 ratili 5 (kilo 65.8). Wa kwanza.
1974: stoni 12 kamili (kilo 76.2). Wa kwanza.
1975: stoni 12. Wa pili, nyuma ya L'Escargot.
1976: stoni 11 ratili 10 (kilo 74.4). Wa pili, nyuma ya Rag Trade.
1977: stoni 11 ratili 8 (kilo 73.5). Wa kwanza, akiwa na miaka 12.

Kwa wageni wa hendikapu: mpangaji wa uzito anampa kila farasi kiwango, na pointi 1 ya kiwango ni ratili 1 mgongoni. Aliye bora anabeba zaidi. Joki akipima mwepesi kuliko uzito uliopangwa, vipande vya risasi vinaingizwa kwenye mifuko ya kitambaa kilicho chini ya tandiko mpaka mizani ikubali. Risasi haisaidii chochote. Joki mzito kidogo anayesogea na farasi ni afadhali kuliko risasi iliyolala tu pale.

Sasa tazama 1973 na 1974. Mwaka 1973 farasi Crisp alibeba stoni 12, Red Rum 10-5. Tofauti ni ratili 23, zaidi ya kilo 10, na Crisp akafungwa kwa robo tatu tu ya urefu wa farasi baada ya kuongoza karibu mbio nzima. Mwaka uliofuata Red Rum akapewa mzigo uleule wa Crisp, ratili kwa ratili, na akashinda kwa urefu 7 mbele ya L'Escargot. Kwangu mimi ushindi mkubwa kuliko yote mitatu ni huu wa 1974, na ndio unaosimuliwa kidogo kuliko yote.

---

Mwana wa Ngong

Mkuu Hatamu, mimi nimezoea Ngong, kule ni mbio bapa, hakuna kuruka. Naomba unieleweshe: kwenye bapa ya mita 1,000 ratili 3 ni kama urefu mmoja wa farasi. Huku kwenye maili 4 na zaidi hesabu inakuwaje?

---

Hatamu Legevu

Swali zuri. Kadiri mbio zinavyorefuka, ratili 1 inazidi kuwa na urefu mwingi ndani yake. Mbio za viunzi za maili 3, wasomaji wengi huhesabu ratili 1 kwa urefu 1. Zikipita maili 4, urefu wa mwishoni unazidi kupoteza thamani kwa sababu farasi waliochoka wanatembea, hawakimbii. Kufungwa kwa urefu 25 si lazima kumaanishe ratili 25.

Kwa hiyo 1973: Crisp alimpa mwenzake ratili 23 akafungwa kwa chini ya urefu 1. Kwa uzito sawa Crisp ndiye aliyekuwa farasi bora siku ile. Na hatuhitaji kukisia, maana Novemba 1973 walikutana tena Doncaster kwa uzito sawa, Crisp akashinda kwa urefu 8.

---

Kiunzi cha Kumi na Tano

Hapo nakupinga kidogo, mkuu. Doncaster si Aintree. Uwanja wa Doncaster ni mpana, viunzi ni vya kawaida, na mbio zile zilikuwa fupi. Zilimfaa Crisp, mwenye kasi. Red Rum kazi yake ilianzia pale wengine walipomaliza pumzi. Uzito unaeleza mengi, ila usisahau umbali: enzi zile National ilikuwa maili 4 na yadi 856, viunzi 16, 14 vinarukwa mara mbili, kile kiitwacho The Chair na kile cha maji mara moja. Jumla ni miruko 30. Red Rum aliimaliza mbio hiyo mara 5 kati ya 5, yaani miruko 150 bila kuanguka, kwenye viunzi vya zamani vyenye kiini cha mbao ngumu. Vile vya leo vina kiini cha plastiki inayopinda, kazi iliyoanza 2013. Mbao za zamani hazikusamehe. Farasi akigonga kwa kifua, alipinduka.

Muda wa 1973 ulikuwa dakika 9 na sekunde 1.9. Rekodi iliyokuwepo, ya Golden Miller, 1934, ilikuwa 9:20.4. Zaidi ya sekunde 18 zilikatwa, na farasi wote wawili walikuwa chini ya rekodi ya zamani! Rekodi hiyo mpya iliendelea kusimama hadi 1990, Mr Frisk alipokimbia 8:47.8 kwenye ardhi kavu.

---

Hatamu Legevu

Nakubali kuhusu umbali. Ila umenipa hoja nyingine bila kujua: 1973 ardhi nayo ilikuwa ngumu. Ndiyo aliyoipenda Red Rum.

---

Bi Kwato

Nimesubiri mtu ataje ardhi ngumu, maana hapa ndipo penye fumbo halisi la farasi huyu.

Agosti 1972 mkufunzi Ginger McCain alimnunua Doncaster kwa gini 6,000 (paundi 6,300, gini ni paundi na shilingi), kwa niaba ya mzee Noel le Mare. Farasi alipofika Southport na kutolewa kwenda mwendo wa matiti (vijana msicheke, ndiyo jina lake), akaonekana anachechemea. Alikuwa na uvimbe wa mfupa wa ukwato. Huu ni mfupa wa mwisho kabisa wa mguu, umefungiwa ndani ya ukwato kama mguu ndani ya kiatu kisicholegea. Ukipigwa na ardhi ngumu siku nenda siku rudi unavimba, na kwa kuwa ukwato hautanuki, uvimbe hauna pa kwenda. Mfupa unaanza kupoteza madini kwenye kingo, ukipiga eksirei unaona ukingo umechakaa kama sahani iliyomong'onyoka.

Dalili zake: hatua fupi, mara nyingi miguu yote miwili ya mbele, kwa hiyo hachechemei upande mmoja waziwazi bali anatembea kama anayekanyaga kokoto. Akiwa kwenye nyasi laini anaonekana mzima. Mpeleke kwenye lami, ndipo utajua. Daktari wa wanyama anabana ukwato kwa koleo maalumu, farasi anavuta mguu akifika sehemu ya mbele ya kwato.

Tiba ya kawaida ni kupumzisha, kiatu cha chuma kipana chenye pedi chini yake, ardhi laini, na dawa ya kutuliza uvimbe ambayo lazima iwe imetoka mwilini kabla ya siku ya mbio. McCain alikuwa na bahari. Zizi lake lilikuwa nyuma ya duka la magari yaliyotumika pale Birkdale, na uwanja wake wa mazoezi ulikuwa mchanga wa ufukweni. Maji baridi yanabana mishipa na kupunguza uvimbe. Mchanga uliolowa na kulimwa kwa haro unabonyea kiasi, kisha unarudisha nguvu. Farasi aliyeingia majini akichechemea alitoka anatembea vizuri, na kwenye mbio zake 5 za mwanzo akiwa na McCain alishinda zote 5.

Angalizo: mchanga nao una hatari yake. Ukiwa mkavu na wa kina unavuta kano, ukibaki na matuta ya maji kupwa unapindisha kifundo. Ndiyo maana unalimwa kwanza kila siku. Msomaji wa pwani mwenye punda asije akadhani ufukwe wowote ni dawa.

---

Mwana wa Ngong

Bi Kwato, sasa mbona farasi mwenye kwato mbovu anapenda ardhi ngumu? Si ingekuwa kinyume?

---

Bi Kwato

Ndilo fumbo lenyewe. Maoni yangu: kinachoua mfupa ni mrundikano wa mapigo ya kila asubuhi. Dakika 9 za siku moja ni kitu kingine. Ukimfanyia mazoezi pale penye ulaini, unamwekea akiba atakayoitumia siku ya mbio. Pili ni mwendo wake: hakuinua magoti sana, alikata chini chini. Farasi wa namna hiyo kwenye tope anachota uzito kila hatua, na kwenye ardhi kavu anateleza kama dau lenye upepo nyuma. Mwenye goti la juu ndiye wa matope.

---

Dogo Rikabu

Halafu ukoo wake kabisa ulisema si wa maili 4. Baba yake Quorum alikuwa wa pili kwenye 2000 Guineas ya 1957 nyuma ya Crepello, mbio za maili moja. Jina lake ni herufi 3 za mwisho za mama na za baba: Mared, Quorum. Aliuzwa gini 400 akiwa wa mwaka mmoja, na mbio zake za kwanza, Aprili 1967, zilikuwa bapa, furlong 5 tu (kama kilomita 1), akatoka sare. Uwanja? Aintree hiyohiyo.

---

Kiunzi cha Kumi na Tano

Turudi kwa ukongwe, maana ndicho kichwa cha uzi. Watu wanakosea 1975 na 1976 kwa kusema "alishuka". Tazameni nani alimfunga na kwa mzigo gani. 1975: L'Escargot, aliyekwisha kushinda Cheltenham Gold Cup mara 2, alibeba 11-3 dhidi ya 12-0. Ratili 11 pungufu, akashinda kwa urefu 15. 1976: Rag Trade 10-12 dhidi ya 11-10. Ratili 12 pungufu, urefu 2 tu. Hiyo 1976 kwa hesabu ya Hatamu ni Red Rum kukimbia vizuri kuliko mshindi.

Katikati ya hapo ndipo joki Brian Fletcher, aliyempanda 1973 hadi 1975, aliwaambia waandishi kuwa farasi hana tena ule moto. McCain akampa hatamu Tommy Stack. Fletcher hakuwa mjinga, kitu alichokihisi kilikuwepo. Farasi wa miaka 10 na kuendelea anaanza kujiwekea akiba mwenyewe. Kwenye viwanja vya kawaida hajitoi, anamaliza wa 4, wa 6, anarudi zizini hajatoka jasho. Joki anahisi uvivu. Mpeleke pale anapopajua na kupapenda, utamwona mwingine.

Mwaka 1977 msimu wake kabla ya Aprili haukutisha mtu. Mpangaji akapunguza ratili 2. Siku yenyewe Andy Pandy, aliyekuwa akiongoza, akaanguka kwenye kiunzi cha Becher's mzunguko wa pili, Red Rum akabaki mbele, na hakuna aliyemsogelea tena. Alimwacha Churchtown Boy kwa urefu 25 huku akimpa ratili 22.

---

Dogo Rikabu

Haki kwa Churchtown Boy: siku 2 kabla alikuwa ameshinda mbio za Topham kwenye viunzi vilevile. Ile 25 ina uchovu ndani yake.

Na miaka 12 ni ya kwenye karatasi. Farasi wote wa mbio kaskazini ya dunia huongezewa mwaka Januari 1. Red Rum alizaliwa Mei 3, 1965, mbio zilikuwa Aprili 2, 1977. Kwa kalenda ya kawaida alikuwa na miaka 11 na miezi 11.

---

Hatamu Legevu

Nimekubali masahihisho yote mawili, la Topham nililiruka kwa makusudi, mmenikamata.

Walioshinda National wakiwa na 12 baada yake ni Ben Nevis 1980, Little Polveir 1989, Royal Athlete 1995 na Amberleigh House 2004. Huyu wa mwisho mkufunzi wake alikuwa nani? Ginger McCain huyohuyo, miaka 27 baadaye. Wa miaka 13 wa mwisho ni Sergeant Murphy, 1923. Siku hizi upepo umegeukia vijana: Noble Yeats alishinda 2022 akiwa na 7, jambo lililokuwa halijaonekana tangu 1940. Kuanzia 2024 wanaoanza ni 34 badala ya 40, na kiwango cha chini ni 130. Mkongwe aliyeshuka hadi 126 hata mlango haoni.

---

Mwana wa Ngong

Basi wakongwe wa Uingereza wa leo wanaenda wapi? Na mtu anawasomaje? Nipeni mfano wa karatasi.

---

Kiunzi cha Kumi na Tano

Wana mbio zao, za umri wa miaka 10 na kuendelea, kwenye viwanja mbalimbali, na fainali inakimbizwa Sandown mwanzoni mwa Januari, kama maili 3. Ni mbio tamu kusoma kwa sababu kila mmoja ana historia ndefu.

Chukua farasi wa kubuni, miaka 12:

11/36P-5P46, CD, kiwango 128, p1

Soma kushoto kwenda kulia, ya karibuni iko mwisho. Kistari kinatenga msimu huu na uliopita, mkwaju unatenga uliotangulia huo. Namba ni nafasi, 0 ni wa 10 au nyuma zaidi. P ni joki alimsimamisha, F alianguka, U alimwangusha joki, B aliangushwa na mwenzake, R alikataa kuruka. CD ni ameshinda uwanja huuhuu na umbali huuhuu. p ni vipande vya manyoya pembeni mwa hatamu ili atazame mbele, na 1 ni mara ya kwanza kuvaa.

Anayetazama juu juu anaona takataka. Mimi naanza hivi:

Zile 1 mbili za zamani alishinda kwa kiwango gani? Tuseme ya mwisho ilikuwa 133. Leo ni 128, kwa hiyo amepewa ratili 5 za bure ikiwa uwezo haujashuka zaidi ya hapo. Hapo ndipo kazi ilipo.

P zote mbili: ardhi ilikuwaje? Zote zikiwa za matope mazito na ushindi wake ulikuwa wa ardhi nzuri, nazifuta. P kwenye ardhi anayoipenda siifuti kamwe, hiyo ni mwili unasema.

Kisha 4 na 6 za mwisho: alifungwa kwa urefu ngapi, na alipotelea wapi? Aliyekuwa na wenzake hadi kiunzi cha pili kutoka mwisho akaishiwa, anahitaji umbali mfupi au ratili chache. Aliyekuwa nyuma tangu mwanzo akajivuta mwishoni, anahitaji umbali mrefu. Nafasi ni ileile ya 6, farasi ni wawili tofauti.

Mwisho joki. Joki chipukizi anapunguziwa ratili 7 hadi afikishe ushindi 20, kisha 5 hadi 40, kisha 3 hadi 75. Mkongwe anayejua kuruka mwenyewe ndiye wa kumpa kijana wa 7. Farasi mbichi mwenye papara usimpe.

---

Bi Kwato

Ongeza w. Tangu 2018 farasi aliyefanyiwa upasuaji wa koo lazima atangazwe kwenye karatasi. Mkongwe anayepiga mluzi akivuta pumzi mara nyingi ana ubao mmoja wa koromeo usiofunguka, neva yake imekufa upande wa kushoto. Rekodi ya kabla ya kisu na ya baada usizichanganye.

Na ukiweza kumwona akitembezwa kabla ya mbio, tazama nyuma ya mfupa wa chini ya goti la mbele. Kano inatakiwa inyooke kama uzi uliovutwa. Ikitunisha tumbo kama ndizi iliyoiva, aliwahi kuchanika. Kovu haliwi na mnyumbuko wa kano mpya, na kawaida hupona kwa miezi 9 hadi 12 au zaidi, kwa hiyo utakuta pengo refu kwenye tarehe zake linalolingana. Tumbo la kano likiwa baridi na farasi ameshakimbia mara 3 tangu arudi, mimi simkimbii. Likiwa la juzi, napita.

---

Dogo Rikabu

Mkongwe wa kupindukia ni Sonny Somers, alishinda mbio za viunzi akiwa na miaka 18, mwaka 1980. Kwa hiyo msimwambie mtu 12 ni uzee.

---

Mwana wa Ngong

Na Red Rum mwenyewe 1978? Alikuwa na 13, angeweza kumfikia Sergeant Murphy.

---

Bi Kwato

Alikuwa akiandaliwa. Ufa mwembamba kama unywele ukaonekana mfupani, akaondolewa siku moja kabla ya mbio. Ufa wa namna hiyo kwa farasi anayetembea tu unapona. Kwa farasi anayetua kutoka urefu wa mita 1.5 na kilo 70 na zaidi mgongoni, unapasuka ukawa vipande viwili. McCain alifanya hesabu iliyo sahihi. Farasi aliishi hadi Oktoba 18, 1995, miaka 30, na amezikwa Aintree, penye mlingoti wa kumalizia.